Lenzi ya Zumu Iliyotumika Inatoa Picha za Ukungu? Ipime Hivi Kabla Hujairudisha

Umenunua lenzi ya 70-300mm iliyotumika. Kioo kinang'aa, muuzaji alikuonyesha picha nzuri kwenye simu yake, na bei ilikaa vizuri. Umefika nyumbani, ukamlenga kunguru juu ya paa la jirani, ukakuza picha kwenye kompyuta: jicho halionekani, manyoya yamekuwa doa moja jeusi. Wazo linalokuja haraka ni kwamba umeuziwa mbovu.

Huenda ni kweli. Lakini lenzi ndefu hutoa picha mbaya kwa sababu nyingi ambazo hazimo ndani ya lenzi yenyewe, na nyingi kati ya hizo huondoka bila kutoa hata shilingi. Wapo wanaorudisha lenzi nzima, wakachukua nyingine, na ukungu ukawafuata hukohuko. Ndiyo maana vipimo vya hapa chini vimepangwa kwa zamu: vya bure na vya haraka vinatangulia, vile vya kukupeleka kwa fundi vinakuja mwisho. Usiruke. Kila hatua inamtoa mshukiwa mmoja, na hatua inayofuata haitakuambia kitu kama mshukiwa wa kabla yake bado yumo.

Mifano nimeiweka kwenye 70-300mm juu ya kamera za Canon na Nikon zenye sensa ndogo (APS-C; sensa ni kile kipande kinachopokea picha ndani ya kamera), kwa kuwa ndizo zilizoko mikononi mwa wapiga picha wengi wanaoanza. Mwenye 55-250mm, 100-400mm au 150-600mm atafuata njia ileile.

Hatua ya 1: Soma ukungu wenyewe

Chukua picha iliyoharibika, ifungue kwenye kompyuta, ikuze hadi asilimia 100. Liwe faili halisi kutoka kwenye kadi, si lile lililopita WhatsApp, maana WhatsApp huibana picha na kuipunguza. Kwa sababu hiyohiyo, picha za mfano alizokutumia muuzaji hazithibitishi kitu, iwe kwa wema au kwa ubaya. Mwombe azitume kama dokumenti ndipo uzipime.

Sasa tafuta nukta inayong'aa: mmeto wa jua kwenye bati, mwanga ndani ya jicho la ndege, taa ya mbali. Nukta hiyo moja ina habari nyingi.

Kama imenyooka ikawa kimstari, na nukta nyingine zote kwenye picha zimekuwa vimistari vilivyoelekea upande uleule, kamera ilitikisika. Kama mistari iko kwenye kitu ulicholenga tu na ukuta wa nyuma umekaa safi, kamera ilitulia, kilichosogea ni kitu. Kama nukta imetanuka ikawa kiduara, huku majani ya mbele au matawi ya nyuma yakionekana moja moja, fokasi ilikaa mahali pengine. Kama kingo zinayumbayumba, na picha mbili zilizofuatana hazifanani ukungu wake, tatizo ni hewa. Kama kingo zipo ila picha nzima imepauka, nyeusi imegeuka kijivu, kuna kitu kwenye kioo kinachotawanya mwanga. Na kama upande mmoja wa picha uko safi na wa pili umelegea kila mara, hapo ndipo lenzi yenyewe inaanza kushukiwa.

Pitia picha kadhaa, usitoe hukumu kwa moja. Kisha fungua taarifa za faili uandike mambo manne: urefu wa fokasi (ile namba ya mm), kasi ya shata (muda ambao kamera inapokea mwanga), upenyo (tundu la kupitisha mwanga, huandikwa f/5.6, f/8; namba ikikua tundu linapungua) na ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga). Utazihitaji sasa hivi.

Hatua ya 2: Toa filta, futa vioo

Lenzi nyingi zilizotumika huuzwa na filta ya UV ikiwa imefungwa mbele, na wengi huiacha wakidhani ni ulinzi wa bure. Kwenye lenzi fupi hutaona tofauti. Kwenye 300mm, kioo cha bei nafuu ambacho hakijasawazishwa vizuri huvuruga picha nzima, na usiku huzaa taa za pili zisizokuwepo. Piga picha ikiwepo, ifungue, piga picha ileile bila hiyo, linganisha. Kipimo hiki hakichukui hata dakika tano, na ndicho kinachomaliza kesi nyingi kuliko vingine vyote isipokuwa kasi ya shata.

Kisha angalia kioo cha nyuma, kile kinachoingia ndani ya kamera. Alama ya kidole pale inaharibu kuliko mkwaruzo wa mbele. Puliza vumbi kwanza kwa pampu ya mkono, halafu futa kwa kitambaa laini cha lenzi, ukianzia katikati kwenda nje. Pindo la shati na upindo wa kanga viache, vina punje za mchanga. Zile pini za rangi ya dhahabu zinazogusana na kamera zipitishie kitambaa chenye tone la spiriti ya aisopropili. Zikiwa chafu, fokasi na kidhibiti mtikisiko hufanya kazi kwa kusuasua.

Kwa mtu wa pwani kuna jambo la ziada. Ukitoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi, iwe Mombasa, Unguja au Maskati, kioo baridi hukutana na hewa ya joto na unyevu na kuvaa mvuke papo hapo. Wakati mwingine mvuke unakaa kwenye kioo cha nyuma ambacho hukioni. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa hivi ipate joto taratibu, ndipo uitoe.

Hatua ya 3: Kasi ya shata

Hapa ndipo lenzi nyingi nzima hupewa jina baya. Lenzi ya 300mm hukuza kitu cha mbali, na kwa kipimo hichohicho inakuza mtetemo wa mkono wako. Kanuni ya zamani inasema: kasi ya shata isishuke chini ya moja gawanya kwa urefu wa fokasi. Kwenye kamera yenye sensa ndogo unazidisha kwanza kwa 1.5 ikiwa ni Nikon au 1.6 ikiwa ni Canon. Kwa hiyo kwenye 300mm unahitaji 1/500 ya sekunde, na hicho ndicho kiwango cha chini, si shabaha. Sensa za megapikseli 24 na zaidi huonyesha mtetemo ambao kamera za zamani zilikuwa zinauficha, kwa hiyo ukiweza nenda 1/800.

Angalia namba ulizoandika. Mpira wa jioni uwanjani, ISO 100, kamera ikajichagulia 1/80: hakuna lenzi duniani ya kuokoa picha hiyo. Kwa mtu anayetembea shika 1/500, mchezaji anayekimbia 1/1000, ndege anayeruka 1/2000 au zaidi. Kama mwanga hautoshi, pandisha ISO bila woga. Picha ya ISO 1600 yenye chenga kidogo inatumika gazetini na kwenye albamu. Picha iliyotikisika haitumiki popote. Njia rahisi ni kuweka kamera kwenye S (Nikon) au Tv (Canon), uchague kasi mwenyewe, na ISO iwe ya kujipanga.

Mkao nao una sehemu yake. Mkono wa kushoto ushike lenzi kwa chini, karibu na mbele, viwiko vibane mbavuni, kitufe kibonyezwe polepole. Ndani ya gari la safari zima injini, maana mtetemo wake unapanda hadi dirishani, kisha laza lenzi juu ya mfuko mdogo uliojazwa maharage au mchele. Mfuko huo wa nyumbani unashinda stendi nyingi za bei nafuu.

Hatua ya 4: Kidhibiti mtikisiko

Canon wanakiita IS, Nikon VR, Tamron VC, Sigma OS. Canon ndio walioanza kukiweka kwenye lenzi za kamera za kubadilisha lenzi, mwaka 1995, kwenye 75-300mm IS, kwa hiyo sokoni kuna lenzi zenye vidhibiti vya umri mkubwa. Ndani yake kuna kioo kinachoelea na kusogezwa na sumaku kupinga mtetemo wa mkono. Kinasaidia mkono wako tu. Mtoto anayekimbia kwenye 1/60 atatoka na ukungu hata kidhibiti kikiwa kipya.

Bonyeza kitufe nusu, subiri picha ndani ya kitafutio (tundu la kuchungulia) itulie, ndipo umalizie. Wengi wanabonyeza mara moja hadi chini na kupiga picha wakati kioo bado kinatafuta nafasi yake. Kwenye stendi, lenzi za zamani zizimie kidhibiti, maana huanza kutafuta mtetemo usiokuwepo na kuutengeneza zenyewe.

Sasa kipime. Mchana wenye jua, kasi 1/1000, piga picha kumi kikiwa kimezimwa na kumi kikiwa kimewashwa, kitu kilekile. Zinapaswa kufanana. Zikiwa mbaya zaidi kikiwa kimewashwa, au picha ndani ya kitafutio inarukaruka, au unasikia mkwaruzo badala ya mvumo laini, kidhibiti kina ugonjwa. Rudia na kamera ikiwa wima. Canon EF 70-300mm IS USM ya mwaka 2005 ilijulikana kwa kasoro ya picha za wima kulegea kwenye urefu mkubwa, na mwaka 2006 Canon walitangaza kuzirekebisha; ukikuta ya kundi la mwanzo ambayo haikupelekwa, kasoro bado imo.

Hatua ya 5: Kipimo cha gazeti

Kipimo hiki ndicho kinachoamua. Kinauliza swali moja tu: je, vioo vya lenzi hii vinaweza kutoa picha kali pale mkono, fokasi ya kamera na hewa vinapoondolewa?

Bandika kurasa mbili za gazeti lililokunjuliwa kwenye ukuta ulio kivulini lakini wenye mwanga wa kutosha, pasipo jua la moja kwa moja. Weka kamera mita 8 hivi kutoka ukutani. Kwenye sensa ndogo na 300mm, kurasa hizo mbili zitajaza karibu fremu nzima, kwa hiyo utaona katikati na pembe kwa pamoja. Tumia stendi imara, usiinue nguzo ya kati, na ning'iniza begi chini yake. Kama huna stendi, weka kamera juu ya meza nzito, ukiilaza kwenye mfuko wa mchele. Kamera ielekee ukuta sawasawa, isiinamie upande wowote; mtu akishika kioo kidogo cha kujitazamia bapa juu ya gazeti na ukaona lenzi yako katikati ya kioo hicho, umepatia.

Zima kidhibiti. Zima fokasi ya kujiendesha. Washa Live View (picha ionekane kwenye skrini ya nyuma badala ya kitafutio), kuza picha ya skrini kadiri kamera inavyokubali juu ya herufi za katikati, kisha zungusha pete ya fokasi taratibu hadi herufi zikate. Zipite kidogo, rudi, pita tena kwa upande wa pili, hadi ujue kilele kilipo. Weka saa ya kuchelewesha ili kidole kisiguse kamera, piga. Piga kwa f/5.6, f/8 na f/11, ukiacha fokasi ilivyo. Rudia zoezi zima kwenye 70, 135, 200 na 300, na kila ukibadilisha zumu panga fokasi upya, kwa sababu zumu nyingi hazishiki fokasi zinapovutwa.

Ukifungua picha hizo kwenye kompyuta, soma kwa utaratibu huu.

Herufi za katikati zikiwa safi kwenye f/8 kila urefu, vioo viko salama. Tatizo lako liko kwenye fokasi ya kujiendesha, mkono au hewa. Kunywa chai, nenda hatua ya 6.

Zikiwa safi hadi 200 halafu zikalegea kwenye 300 na f/5.6, na zikarudi vizuri kwenye f/8, hiyo ni tabia ya lenzi yako wala si ugonjwa. Nikon AF-S VR 70-300mm iko hivyo. Canon EF 75-300mm III iko hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi, tena haina kidhibiti. Lenzi za namna hii zitumie kwenye 200 hadi 250 na f/8, kisha kata picha. Utapata kitu kikali kuliko 300 iliyonyooshwa hadi mwisho. Usivuke f/11 ukitafuta ukali zaidi: kwenye sensa ndogo, kuanzia f/16 mwanga hujipinda kwenye tundu dogo na picha yote inalegea tena.

Zikiwa mbaya kila urefu hata kwenye f/8, au upande mmoja mbaya, ruka hadi hatua ya 8 na ya 9.

Hatua ya 6: Fokasi inakaa wapi?

Rudisha fokasi ya kujiendesha. Chagua pointi moja tu, ile ya katikati. Kamera ikiachiwa pointi zote huchagua kilicho karibu, na kwa ndege aliye kichakani kilicho karibu ni kijiti kilicho mbele yake.

Elewa kwanza nafasi ilivyo nyembamba. Kwenye 300mm na f/5.6, kitu kikiwa mita 10 kutoka kwako, eneo lililo kali ni kama sentimita 25 kutoka mbele hadi nyuma. Kikiwa mita 3, ni kama sentimita 2. Ukilenga bega la bibi harusi, kope za macho yake zinaweza kuwa nje.

Sasa pima. Kwenye gazeti lilelile na stendi ileile, vuruga pete ya fokasi, acha kamera itafute kupitia kitafutio, piga. Fanya hivyo mara kadhaa, linganisha na ile uliyopanga kwa Live View. Zikiwa sawa, fokasi ni nzima. Zikiwa mbaya zote kwa namna moja, kamera na lenzi hazijaelewana: fokasi inakaa mbele au nyuma ya kitu kila mara. Simamisha rula kwa mshazari kando ya gazeti uone ni upande gani.

Kasoro hiyo ni ya kamera zenye kioo cha kupinduka (DSLR), ambazo hupima fokasi kwa sensa nyingine iliyo chini ya kamera. Kamera zisizo na kioo hicho (mirrorless) hupima kwenye sensa ya picha yenyewe, kwa hiyo hili halizihusu sana. Nikon D7000 na ndugu zake, D500, D750, au Canon 7D, 70D, 80D na 5D kuanzia ya pili, zina menyu ya kurekebisha kuanzia -20 hadi +20. Rekebisha ukiwa kwenye urefu unaoutumia zaidi. Nikon za D3000 na D5000, na Canon za ngazi ya kuanzia kama 600D au 1100D, hazina menyu hiyo. Kwa hizo tumia Live View pale inapowezekana, au mpelekee fundi kamera na lenzi kwa pamoja azipatanishe.

Picha zikitofautiana ovyo, moja nzuri mbili mbaya bila mpangilio, mota ya fokasi au pini ndizo za kuangalia. Hakikisha pia swichi ya pembeni ya lenzi haiko kwenye M. Kwa watu wa Nikon: lenzi za AF za zamani zisizo na herufi S hazina mota ndani, na kamera za D3000 na D5000 nazo hazina, kwa hiyo hazitajipanga fokasi kabisa. Hapo hakuna kilichoharibika. Vitu hivyo viwili havikuundwa kukutana.

Hatua ya 7: Hewa

Gazeti la mita 8 liko safi, lakini pundamilia wa mita 200 ana mistari iliyoyeyuka. Wengi huishia hapa na kuishtaki lenzi, na wanakosea.

Jua likipiga ardhi, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto na kupanda kwa mafungu. Hewa ya joto na ya baridi hupinda mwanga tofauti, na lenzi ndefu inatazama kupitia mamia ya mita za mafungu hayo. Amboseli pale ziwa lilipokauka, saa 7 mchana, unaweza kuuona mchezo huo kwa macho: miguu ya nyumbu inakatika na kuelea. Lami, mabati na mchanga wa ufukweni hufanya vilevile mjini. Lenzi ya 100-400mm ya bei ya gari itatoa ukungu uleule.

Dawa ni muda na umbali. Geti za hifadhi nyingi hufunguliwa saa 12 asubuhi. Kazi ya mbali ifanye kati ya hapo na saa 3, au jioni jua likishalegea. Mchana sogea karibu, au tafuta mnyama aliye juu ya nyasi mbichi badala ya udongo mtupu. Usipige kupitia kioo cha gari kilichofungwa, na usipige juu ya boneti yenye moto. Gari likiwa na kiyoyozi, zima, fungua madirisha, subiri hewa ya ndani na ya nje zilingane. Hewa baridi inayomwagika dirishani nayo inapinda mwanga. Piga nyingi mfululizo, kwa sababu hewa hutulia kwa vipindi vifupi na moja katika hizo itatoka.

Hatua ya 8: Tochi

Toa lenzi kwenye kamera, zima taa za chumba, ondoa vifuniko vyote viwili. Lenzi za Nikon za kamera zenye kioo, zilizo nyingi sokoni, hujifunga upenyo zikiwa nje ya kamera: utaona kijiti kidogo cha chuma kwenye mdomo wa nyuma, kisukume kwa kucha upenyo ufunguke, ukishikilie. Washa tochi ya simu, iweke nyuma ya lenzi kwa mshazari, tazama kupitia mbele. Usiilekeze machoni. Zungusha lenzi taratibu, vuta zumu na kuirudisha, ili kila kioo kipite kwenye mwanga.

Utaona vumbi. Karibu kila lenzi iliyotumika inalo, na zumu huvuta hewa ndani kila zinaporefuka. Vidoti kumi au ishirini havipunguzi ukali, usivipiganie.

Fangasi haina sura ya vidoti. Ni nyuzi nyembamba zenye matawi, mara nyingi zikianzia pembeni ya kioo na kutambaa kuelekea katikati. Ikiwa ndogo na iko kwenye kioo cha mbele, picha za kawaida hazitaonyesha kitu, ila ukielekea jua picha itapauka. Ikiwa kwenye vioo vya nyuma, hata ndogo ina madhara. Nayo haitulii: hula ule utando wa kuzuia mwako uliopakwa juu ya kioo, na ikishaula, kusafisha kunaondoa nyuzi lakini alama zinabaki. Dar es Salaam, Tanga, Unguja na Mombasa, ambako unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, lenzi iliyokaa kabatini ndani ya begi la ngozi kwa miaka ndiyo ya kutazamwa kwa makini zaidi.

Utando mweupe ni kitu cha tatu, na ndio unaowaponyoka wanunuzi wengi. Kioo kimoja cha ndani kinaonekana kama kilichopuliziwa pumzi, sawasawa kote, na mara nyingi unatokana na mvuke wa grisi. Mchana wa kawaida huuoni. Kwenye tochi unang'aa wote. Picha zake zimepauka, kama zile za hatua ya 1, hata filta ikiwa imetolewa.

Tazama pia mapanga ya upenyo. Yakiwa na mng'aro wa mafuta, yatafunga polepole na picha za f/8 zitatoka na mwanga mwingi kupita kiasi.

Hatua ya 9: Upande mmoja

Lenzi iliyoanguka huweza kuonekana nzima kabisa nje huku kioo kimoja ndani kimehama kwa sehemu ndogo ya milimita. Dalili ni upande au pembe moja iliyolegea kwenye picha za gazeti.

Kabla ya kuilaumu, geuza kamera juu chini kwenye stendi na upige tena, halafu zitazame picha zote mbili gazeti likiwa limesimama sawa. Kama sehemu iliyolegea imebaki kwenye kurasa zilezile za gazeti, kamera haikuelekea ukuta sawasawa, panga upya. Kama imehamia upande wa pili wa gazeti, inafuata lenzi, na lenzi ndiyo yenye kasoro.

Tafuta ushahidi wa nje. Pete ya filta iliyobonyea ni alama ya kuanguka. Skrubu za mdomo wa nyuma zenye vichwa vilivyochubuka zinaonyesha mtu alishaifungua. Funga lenzi kwenye kamera uitikise kidogo: mdomo ukicheza, kaza skrubu hizo kwa bisibisi inayokaa sawa, upime tena. Bomba la zumu likirefuka lote huwa na mchezo mdogo kwenye lenzi nyingi, lakini ukiliinua kwa kidole na picha kwenye skrini ikabadilika ukali, limechakaa.

Hatua ya 10: Rudisha, tengeneza au kaa nayo

Rudisha bila kusita lenzi yenye fangasi ndani, utando mweupe, kioo kilichohama kiasi cha kuonekana kwenye f/8, au kidhibiti kinachoruka. Kwa zumu ya bei nafuu, gharama ya fundi kufungua vioo na kuvisimamisha upya inaweza kukaribia bei ya lenzi nyingine, na kuvipatia tena bila vifaa vya kupimia ni kazi ngumu. Kwa 100-400mm au 70-200mm ya daraja la juu hesabu inabadilika. Hiyo inastahili fundi mwenye vifaa.

Kaa na yenye vumbi, yenye mkwaruzo mmoja mwembamba mbele, na yenye kulegea kwenye 300 pekee ambayo umeshajua namna ya kuitumia. Yenye kasoro ya fokasi ya mbele au nyuma nayo ibakize, kama kamera yako ina menyu ya kuirekebisha.

Ndiyo maana muda wa kupima ukubaliane na muuzaji kabla ya kulipa, siku mbili zinatosha, na makubaliano yawe kwenye ujumbe wa maandishi. Ukienda kurudisha, nenda na picha za gazeti za f/5.6 na f/8 kutoka kwenye kadi, pamoja na tochi. Muuzaji mwaminifu akiona nyuzi ndani ya kioo kwa macho yake hana la kubishana.

Iliyobaki kwako ihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na pakiti za silika. Chagua silika inayobadilika rangi, uone ikishajaa maji, uikaushe kwenye oveni ya moto mdogo na kuirudisha. Na lenzi yoyote iliyokuwa na fangasi, hata ikishasafishwa, ipe chombo chake peke yake.